Kukopa Harusi, Kulipa Matanga: Deni na Nia za Wahusika katika Mabepari wa Venisi

Utangulizi

Makala haya yanakusudia kuchunguza nia za wahusika wakuu katika tamthilia ya William Shakespeare, The Merchant of Venice, ambayo wasomaji wengi wa Kiswahili wanaifahamu kwa jina la Mabepari wa Venisi, tafsiri ya Julius K. Nyerere iliyochapishwa na Oxford University Press mwaka 1969. Tamthilia yenyewe iliandikwa karibu na mwaka 1596 au 1597, ikapigwa chapa kwa mara ya kwanza mwaka 1600, na katika mkusanyiko wa mwaka 1623 ikawekwa katika kundi la ramsa. Wahakiki wamekuwa wakijiuliza kwa muda mrefu ni ramsa ya namna gani hii, ambamo mtu ananoa kisu mbele ya mahakama ili amkate mdeni wake kifua, kisha mtu huyohuyo anaondoka akiwa amepoteza mali, binti na dini.

Swali hilo la utanzu linafungamana na swali la nia. Tukikubali kwamba Shylock anatenda kwa sababu ni mwovu wa kuzaliwa, basi anguko lake ni furaha ya hadhira na tamthilia inabaki ramsa isiyo na doa. Tukikubali kwamba anatenda kwa sababu ameonewa, basi kicheko cha tendo la tano kinakwama kooni. Katika semina za uzamili swali hili hujibiwa haraka mno. Mwanafunzi huandika kwamba Shylock ni bepari mwenye tamaa, Antonio ni rafiki mwaminifu, Bassanio ni mpenzi, na Portia ni mwanamke mwerevu. Majibu haya yana ukweli ndani yake, lakini yanawapa wahusika majina tu na kuyaacha matendo yao bila maelezo.

Tunashikilia hapa kwamba nia za wahusika hawa hazitafafanuka kwa kuchunguza tabia ya kila mmoja peke yake, wala kwa kumfunga kila mmoja katika tabaka lake. Zinafafanuka tunapouliza nani anamdai nani, na nani anaruhusiwa kulipa kwa niaba ya nani. Wahenga walisema: kukopa harusi, kulipa matanga. Tamthilia hii inaichukua methali hiyo karibu neno kwa neno, kwani Bassanio anakopa ili aoe, na siku ya kulipa inakaribia kuwa siku ya maziko. La kuchunguzwa ni matanga hayo yanaishia nyumbani kwa nani.

Yafaa tutoe tahadhari moja kabla ya kuendelea. Mwaka 1933 L. C. Knights aliwakejeli wahakiki waliowatendea wahusika wa Shakespeare kama watu wenye maisha nje ya jukwaa. Onyo lake lingali na uzito. Tunapozungumzia nia, tunakusudia lile tu linaloweza kuthibitishwa kwa maneno na matendo yaliyomo katika tamthilia, pamoja na kimya chake pale ambapo kimya hicho kinasikika.

Neno 'bepari' na mipaka yake

Anwani ya Kiingereza inamtaja mfanyabiashara mmoja. Ile ya Nyerere iko katika wingi. Tofauti hii si ndogo. Neno bepari lina asili ya lugha za India, ambako maana yake ni mfanyabiashara, na kwa maana hiyo lilitumika pwani ya Afrika Mashariki kabla ya siasa za ujamaa. Kufikia mwaka 1969, miaka miwili baada ya Azimio la Arusha, neno hilo lilikuwa limebeba pia maana ya mnyonyaji. Kwa hiyo anwani ya Kiswahili ni tafsiri sahihi na papo hapo ni uhakiki.

Uhakiki huo una manufaa. Unatukataza kumweka Antonio nje ya soko kana kwamba yeye ni mtakatifu na Shylock pekee ndiye anayejua thamani ya fedha. Antonio ana merikebu zinazoelekea Tripoli, India, Meksiko na Uingereza. Faida yake inatokana na kununua hapa na kuuza kule. Portia mwenyewe, anapoingia mahakamani amejigeuza mwanasheria, inambidi aulize yupi kati ya wawili wale ni mfanyabiashara na yupi ni Myahudi. Hata kama swali hilo ni la utaratibu wa mahakama tu, linaidokezea hadhira kwamba tofauti baina ya watu hao haionekani waziwazi kama Venice inavyodai.

Aidha, msomaji wa Kiswahili ana nafasi nzuri ya kuielewa ghadhabu ya Antonio dhidi ya wakopeshaji. Neno riba, tulilolipokea kutoka Kiarabu, lingali na uzito wa haramu kwa Waislamu wa pwani. Uzito wa namna hiyo ndio hadhira ya Shakespeare iliousikia katika neno lao. Sheria ya Uingereza ya mwaka 1571 ilivumilia riba isiyozidi asilimia 10, huku ikiendelea kuitangaza kuwa dhambi. Jamii iliyohitaji mkopo ikamchukia mkopeshaji: hiyo ndiyo hali ambamo tamthilia hii ilizaliwa, ingawa mandhari yake yamewekwa Italia.

Hata hivyo, usomaji wa kitabaka unafika mahali ukakwama, na mahali penyewe ni kilele cha msuko. Mahakamani Bassanio anamwekea Shylock dukati 6,000 badala ya 3,000 alizokopa. Baadaye Portia anamkumbusha kwamba anapewa mara tatu ya fedha zake. Shylock anakataa. Bepari anayesukumwa na faida angechukua fedha na kwenda zake. Tukisema kwamba nia ya Shylock ni tamaa ya mali, tunashindwa kulieleza tendo lake kubwa kuliko yote. Neno bepari, basi, linaeleza vizuri jinsi mkataba ulivyoanza, lakini halielezi kwa nini mwenye hati alikataa kulipwa.

Antonio na Bassanio: mdhamini na mkopaji

Antonio anaifungua tamthilia kwa kusema kwamba ana huzuni na hajui imetoka wapi. Rafiki zake wanapendekeza sababu mbili. Ya kwanza ni hofu ya merikebu zake baharini, naye anaikanusha kwa kueleza kwamba mali yake haiko katika chombo kimoja. Ya pili ni mapenzi, naye anaipuuza kwa neno fupi tu. Tofauti ya kanusho hizi mbili imewafanya wahakiki wengi wahisi kwamba sababu ya pili ndiyo ya kweli, na kwamba Antonio anahuzunika kwa sababu Bassanio anakaribia kuoa.

Kisa ambacho Shakespeare alikitegemea, kilichomo katika Il Pecorone ya Ser Giovanni Fiorentino iliyochapishwa mwaka 1558, kinatusaidia hapa. Katika kisa hicho mfanyabiashara ni baba wa ubatizo wa kijana anayekwenda kuposa, naye amemlea kama mwanawe. Anajitoa kwa ajili yake kama mzazi anavyojitoa kwa mtoto, na msomaji hana la kuuliza. Shakespeare ameuondoa uhusiano huo. Undugu wa Antonio na Bassanio unatajwa kwa kupita tu na mhusika mwingine, kisha hausikiki tena. Mtunzi ameiondoa sababu iliyokuwapo na hakuweka nyingine mahali pake. Kinachobaki ni mtu anayetoa kila kitu huku akikosa jina la kukiita kile anachokitaka.

Nia ya Bassanio, kinyume chake, inatajwa wazi. Anakiri kwamba ameishi kupita kipato chake na kwamba anamwia Antonio kwa fedha na kwa mapenzi pia. Anapomweleza habari za Portia, jambo la kwanza analolitaja ni urithi wake. Uzuri na tabia vinafuata. Kisha anatoa mfano wa mtoto aliyepoteza mshale, akapiga wa pili kuelekea palepale ili aupate wa kwanza. Huu ni mfano wa mkopaji anayekopa ili alipe mkopo. Haifai, hata hivyo, kumtia Bassanio katika kundi la walaghai na kumaliza. Kasha la risasi analolichagua linamtaka mchaguaji atoe na kuhatarisha vyote alivyo navyo. Kejeli ya tukio hilo ni kwamba Bassanio hana chochote cha kuhatarisha. Aliyehatarisha yuko Venice, na alichoweka rehani ni mwili wake. Bassanio anashinda kwa dau la mwenziwe. Barua ya Antonio inapofika Belmont mara tu baada ya ushindi huo, bwana harusi anatambua kwamba mahari yake imetokana na damu ya mtu mwingine.

Shylock: sababu nyingi na kimya kimoja

Wapo wanaomchukua Shylock kuwa mhusika bapa, kwa maana ya E. M. Forster, yaani aliyejengwa juu ya wazo moja. Maandishi hayawaungi mkono. Tangu anapoonekana kwa mara ya kwanza ana sababu zaidi ya moja za kumchukia Antonio: ni Mkristo, tena, na hili analiona kubwa zaidi, anakopesha bila riba na kuishusha riba mjini, tena anawadharau Wayahudi hadharani. Dini, biashara na heshima zimesukwa pamoja, na Shylock mwenyewe hazitenganishi.

Tukio la mkataba linastahili kusomwa polepole. Shylock anamkumbusha Antonio kwamba amemtemea mate na kumwita mbwa, na sasa anakuja kuomba fedha. Antonio hakanushi. Anasema angeweza kuyarudia yote hayo, na anamtaka Shylock amkopeshe kama adui ili iwe rahisi kumtoza adhabu. Hapo ndipo Shylock anapotoa pendekezo la mkopo usio na riba, na sharti la ratili ya nyama linaloitwa mzaha. Je, ni mzaha au ni mtego? Maandishi hayatulazimishi kuchagua. Anajua kwamba merikebu za Antonio ni nyingi na uwezekano wa kushindwa kulipa ni mdogo. Anasema pia kwamba nyama ya mtu haina thamani sokoni kama ya kondoo au mbuzi. Wakati huo hati ile inampa jambo moja la hakika: kwa miezi mitatu, mtu aliyemtemea mate atakuwa amefungwa naye kwa kalamu na muhuri. Huenda hilo peke yake lilimtosha.

Kinachougeuza mzaha kuwa kisu ni usiku wa kutoroka kwa Jessica. Usiku uleule ambao Shylock amealikwa kula kwa Bassanio, binti yake anatoroka na Lorenzo akiwa amebeba fedha na vito vya baba yake, akisaidiwa na rafiki za Bassanio na Antonio. Baada ya hapo ndipo Shylock anapotoa hoja yake mashuhuri ya kwamba Myahudi ana macho, viungo na hisia kama Mkristo. Wasomaji wengi wanaikumbuka hoja hiyo kama utetezi wa utu, na ni utetezi kweli. Lakini hitimisho lake ni kisasi: kama tunafanana katika mengine yote, basi tunafanana katika kulipiza, na kisasi nimejifunza kwenu. Katika tukio hilohilo anamwambia Tubal kwamba Antonio akiondoka Venice ataweza kufanya biashara apendavyo. Nia ya biashara bado ipo. Imesongwa na nyingine, lakini haijafa.

Ikumbukwe pia habari ya pete. Tubal anamweleza kwamba Jessica ameitoa pete mojawapo ili apate tumbili. Shylock anaitambua: ni pete ya feruzi aliyopewa na Leah alipokuwa bado hajaoa, naye asingeitoa kwa kundi zima la tumbili. Huyu ndiye mhusika tunayemwita bepari kupita wenziwe, na hapa ana kitu asichoweza kukiuza. Bassanio naye ana pete aliyoapa kutoiachia hadi kifo. Ataiachia siku hiyohiyo ya kesi, Antonio anapomsihi.

Mahakamani panatokea jambo ambalo uhakiki wa nia haupaswi kulipita. Mtu huyu mwenye sababu tele anaulizwa kwa nini anapendelea nyama kuliko fedha, naye anakataa kutaja hata moja. Anasema ndivyo apendavyo. Anatoa mfano wa mtu aliye tayari kutumia dukati 10,000 kumwangamiza panya nyumbani mwake, na wa watu wasiostahimili kumwona paka. Tunawezaje kukieleza kimya hiki? Tunapendekeza kwamba Shylock anajua sababu zake hazina hadhi mbele ya sheria ya Venice. Kutemewa mate si kosa linaloshtakika. Wala kukimbiwa na binti aliyebadili dini. Kitu pekee ambacho mahakama inalazimika kukisikiliza kutoka kwake ni hati. Kwa hiyo anaficha maumivu yake yote nyuma ya karatasi moja, akidai kutendewa haki bila kuhitaji kuhurumiwa.

Kisha anawarudishia swali. Wana watumwa waliowanunua na wanaowatumikisha kama punda. Mbona hawawaachi huru? Ratili hii ya nyama nayo imenunuliwa kwa bei ghali. Hakuna anayemjibu. Msomaji wa pwani yetu, ambako utumwa ulifutwa kisheria Zanzibar mwaka 1897 na katika pwani ya Kenya mwaka 1907, ana haki ya kuusikia uzito wa kimya hicho. Venice haipingi kuuza nyama ya binadamu. Inapinga iwe nyama ya mwananchi wake.

Portia: rehema na hesabu

Portia anaingia kama mwokozi, na ufasaha wake kuhusu rehema umemfanya aonekane sauti ya mtunzi. Lakini naye ana deni linalomsukuma. Mumewe ameokolewa na mtu mwingine kabla yake, na maadamu Antonio yumo hatarini, au amekufa kwa ajili ya Bassanio, ndoa yake itakuwa na mdai wa milele. Kumwokoa Antonio ni tendo jema; ni njia pia ya kulilipa deni hilo kwa fedha na akili zake ili limtoke mumewe. Nia hizi mbili hazipingani. Mahakamani, akiwa amejificha, anamsikia Bassanio akisema angemtoa hata mkewe ili Antonio apone. Kutokana na maneno hayo anaomba pete. Kinachoonekana kuwa mchezo wa ndoa katika tendo la tano ni ukaguzi wa hesabu: Bassanio ni wa nani?

Njia anayoitumia kumshinda Shylock ni ya hati pia. Hati inasema nyama, haisemi damu. Inasema ratili moja, haisemi zaidi wala pungufu. Baada ya hapo Shylock yuko tayari kuzipokea fedha, lakini sasa anakataliwa. Wahenga wanasema dawa ya deni ni kulipa. Kwanza yeye aliikataa dawa hiyo, kisha ikakataliwa kwake. Halafu inafunuliwa sheria ambayo haikutajwa tangu mwanzo, inayomhusu mgeni anayetafuta uhai wa mwananchi. Hapa ndipo wingi wa neno mabepari unapovunjika kabisa. Kwa biashara yao Antonio na Shylock wanaweza kuwekwa katika kundi moja, sheria inawatenga. Mmoja ni mwananchi na mwingine ni mgeni, hata kama ameishi humo maisha yake yote.

Rehema anayopewa nayo ina masharti, na anayeyataka ni Antonio: mali yote iende kwa Lorenzo na Jessica baada ya kifo chake, na Shylock awe Mkristo. Wapo wanaosema kwamba hadhira ya wakati ule iliuona ubatizo huo kuwa zawadi ya wokovu. Inawezekana. Lakini tamthilia imempa Shylock nafasi ya kusema kwamba kumnyang'anya kinachomwezesha kuishi ni sawa na kumwua, kisha inamtoa jukwaani akiwa amekiri tu kwamba ameridhika na kwamba hajisikii vizuri. Mtunzi aliyetaka tumwone mtu aliyeokoka angempa maneno mengine.

Hitimisho

Katika tendo la mwisho madeni yote yanafutwa, na namna yanavyofutwa ndiyo hoja yetu. Antonio anajitoa tena kuwa mdhamini wa Bassanio, safari hii kwa roho yake, na ni kwa mkono wake kwamba pete inamrudia Bassanio. Aliyempa rafiki yake mwili sasa anamkabidhi kwa mkewe. Anapata habari za merikebu tatu zilizofika salama, lakini anabaki peke yake katikati ya jozi tatu za wapenzi. Huzuni yake ya mwanzo haikupata jina, na hakuna anayeirejelea tena. Lorenzo na Jessica wanapokea hati ya urithi. Kila mmoja ana aliyemlipia. Shylock peke yake hana, naye ndiye anayelipa.

Ramsa, kwa kawaida yake, huwaachilia watu na madeni yao. Mabepari wa Venisi inatuonyesha gharama ya wepesi huo. Harusi iko Belmont, matanga yako katika nyumba moja ya Venice ambayo tendo la tano halirudi kuitazama. Shylock hatakaswi kwa kusema hivi, kwa kuwa alikinoa kisu na angekitumia. Ila nia yake, kama za wenziwe, ilizaliwa katika uhusiano ambao yeye hakuuunda peke yake.

Kwa watafiti wanaoshughulikia wahusika, tunapendekeza kwamba lebo za bepari, mnyonyaji, bapa au duara zitumike kama mahali pa kuanzia uchunguzi. Tafsiri ya Nyerere inatoa mfano mzuri: anwani yake imeona jambo ambalo anwani ya asili imelifunika, na papo hapo imefunika jambo ambalo tukio la mahakamani linalifunua. Kuzisoma anwani hizo mbili pamoja, na kuuliza kila moja inamweka nani upande gani wa hati, ni kazi ambayo tafsiri nyingine za tamthilia za kigeni kwa Kiswahili bado zinaisubiri.